Kompyuta Iliuliza, Tukajibu Ndiyo

Siku mliponiaga pale ofisini, Neema wa mapokezi aliniuliza mbele ya watu wote kwa nini kila ninapoinuka kwenye kompyuta, hata nikienda kunywa chai tu, lazima kwanza niandike neno "basi", nilinakili, halafu nilifute ndipo niondoke. Wengine mkacheka. Nami nikacheka, nikakata keki. Lakini swali lilikuwa la haki, na jibu lake halikuwa la kutolewa huku watu wameshika soda. Sasa nimepumzika hapa Shinyanga, asubuhi namwagilia mchicha, mchana sina la kufanya. Nalijibu leo.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo kimoja tu nitakitaja, kwa sababu sina njia ya kukikwepa.

Nilianza kama mpiga chapa hapa hapa mjini, kwa mashine ya chuma ambayo herufi "r" ilikuwa ikikwama kila ilipochoka. Katikati ya miaka ya tisini nikasikia kuna kampuni ya utafiti wa dhahabu upande wa Geita inatafuta karani wa kompyuta. Sikuwa nimewahi kuigusa kompyuta. Kwenye usaili waliniuliza kama naweza kuandika bila kutazama vidole. Nikasema naweza, na ilikuwa kweli. Hakuna aliyeniuliza kama najua inawashwaje.

Kambi ilikuwa porini, si mbali na Rwamgasa: mahema, makontena mawili yaliyogeuzwa ofisi, na jenereta iliyonguruma kama ina ugomvi na mtu. Nilishuka kwenye gari nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu. Aliyenipokea alikuwa mwanamume mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Milembe?" Kisha akanijulia hali kwa Kisukuma: "Mhola?"

"Mhola duhu."

"Basi nawa uso kwanza, halafu uje nikuonyeshe inapowashwa. Majibu yako ya usaili nimeyasoma, hujui."

Huyo alikuwa Reuben Maganga, mkuu wa data. Alikuwa amefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuja porini, kwa hiyo kambi nzima ilimwita Mwalimu. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa kwao Nkome, ziwani, na pacha wao. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kuwaona, akarudi nguo zinanuka dagaa na uso umenawiri.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kushika kipanya bila kukikaba. Alinifundisha kuhifadhi kazi kila baada ya mistari michache, maana fundi wa jenereta akitaka kuizima alizima tu, hakuuliza mtu. Alinifundisha kuifunika mashine kwa khanga jioni, kwa sababu vumbi la Geita linapenya hata pale ambapo hewa haipiti. Na alinifundisha maneno ya siri. Siku hizi mnayaita nywila, na mnaniambia mnazo nyingi hamzikumbuki. Sisi tulikuwa na chache, tukaziogopa.

"Usitumie jina la mtoto," aliniambia. "Usitumie jina la kijijini kwenu. Usiliandike popote, hata kwenye kiganja. Na ukiwa unaliandika, funika kibodi kwa mkono wa kushoto, hata kama aliyesimama nyuma yako ni mimi."

"Hata wewe, Mwalimu?"

"Hasa mimi. Nimesimamia mitihani miaka mingi, najua macho yanavyozunguka."

Sababu ya ukali huo ilikuwa hii. Kampuni ilikuwa ikichoronga mashimo membamba ardhini, sampuli zinapelekwa maabara, majibu yanarudi kama namba: shimo fulani, mita fulani, gramu kadhaa za dhahabu kwa kila tani ya mwamba. Pale porini kila shimo lilizibwa kwa kipande cha saruji chenye namba yake, nacho kilibaki wazi kila mtu akione. Kwa hiyo mtu aliyejua namba ya shimo lenye dhahabu karibu na juu hakuhitaji kingine zaidi ya sururu. Na waliotuzunguka walikuwa wachimbaji wadogo kwa maelfu. Uvumi ukitoka asubuhi kwamba mahali fulani pana mali, jioni pana kijiji. Wenyewe waliita rashi. Shimo wanalochimba waliliita duara, nalo lilishikiliwa kwa magogo na imani.

Majibu yote yalikuwa kwenye faili moja, ndani ya kompyuta iliyokuwa kwenye kontena la Mwalimu. Faili lilifunguka kwa neno la siri, na waliolijua walikuwa wawili tu: Mwalimu na meneja wa kambi, Mzungu mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili vizuri kuliko wengi wa wenzake. Mimi niliingiza namba mpya, Mwalimu akaziunganisha kwenye faili kuu baada ya mimi kutoka.

Kulikuwa na kompyuta ya pili, ya barua na mambo ya utawala. Mwanzoni mwa mvua za masika ikazimika, haikuwaka tena. Ikapelekwa Mwanza kutengenezwa. Ndipo tukaanza kutumia ile moja wote kwa zamu. Aliyehitaji zaidi, mbali na sisi, alikuwa Elias, mtunza stoo, kijana mtaratibu wa kutoka Kahama, ambaye kila wiki aliandika mahitaji ya jikoni. Mwalimu hakupenda. Lakini alikuwa mwangalifu: kabla ya kumpisha Elias alifunga faili, akahakikisha limefungwa, akajaribu kulifungua bila neno la siri ili aone linakataa. Ndipo aliposema, "Karibu, kaa."

Nilimwona akifanya hivyo kila mara. Nataka mlijue hilo.

Masika hayo, asubuhi moja, walinzi walikuja mbio kusema watu wamevamia eneo la kaskazini. Tulipofika walikuwa mamia. Hawakutapakaa hovyo kama watu wanaobahatisha. Walikuwa wamekizunguka kipande kimoja cha saruji, wamekwisha kuking'oa, wanachimba hapo hapo. Mwalimu alisimama kando ya gari akikitazama kile kipande kilicholala kwenye tope na namba yake juu. Akanong'ona, "Hapo ni mita nane tu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilitamka jibu kwa mdomo.

Meneja aliomba polisi. Polisi walikuja, wakawatawanya, watu wakarudi. Mvua ikaendelea. Siku ya nne upande mmoja wa duara uliporomoka mchana kweupe. Walifukiwa watatu. Waliochimba kuwatoa walikuwa wenzao, kwa sururu zile zile, na wafanyakazi wetu pia walishuka kusaidia. Hakuna aliyetoka hai. Mmoja wao alikuwa Deus, mdogo wake Elias. Elias alimtambua kwa mkanda wa suruali.

Baada ya mazishi meneja alimwita Mwalimu ofisini. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilitakiwa kuandika.

"Faili lina neno la siri," meneja alisema. "Tunaolijua ni wawili. Mimi sikumwambia mtu."

"Na mimi sikumwambia mtu," Mwalimu akajibu.

"Basi wamejuaje namba ya shimo?"

"Sijui."

"Mwalimu, nisaidie. Nipe jibu lolote."

"Ningekuwa nalo ningekupa. Sijui."

Niliacha kuandika. Nikasema mimi siamini kama Mwalimu anaweza kuuza siri ya kazi. Meneja akaniangalia kwa huruma. Akasema naye haamini, lakini watu watatu wamekufa na makao makuu wanataka maelezo, na maelezo hayapo isipokuwa hayo. Nilikuwa na imani tupu, na imani tupu haikutosha kuandikwa kwenye taarifa.

Mwalimu aliachishwa kazi, akaondoka siku iliyofuata. Alikusanya vitu vyake, vichache, akanikabidhi disketi zote, akanionyesha ipi imeanza kuharibika. Mwisho akafungua faili kuu, akasimama, akanipisha kwenye kiti.

"Sasa badilisha neno la siri," akasema. "Mimi natoka nje. Usiniambie."

Alitoka akanigeuzia mgongo mlangoni, mvua ikimnyeshea, mpaka nilipomwita. Hicho ndicho cheo nilichosema sina njia ya kukikwepa. Nilikaa kwenye kiti chake.

Miezi ikapita. Kiangazi kikaja, na vumbi likaingia kwenye kibodi mpaka kitufe cha Enter kikawa hakibonyezeki. Kila siku nilikuwa nikifanya alivyofanya Mwalimu: nafungua faili, nanakili safu za namba, nazibandika kwenye taarifa ya wiki, nafunga faili. Na kila nilipofunga, kompyuta ilitoa kisanduku cha maneno ya Kiingereza, nami nikabonyeza Enter kikaondoka. Mwalimu alifanya hivyo, nami nikaiga. Tuliona ni adabu yake mashine, kama mtu anayekuuliza mlangoni kama umesahau kitu.

Siku hiyo Enter iligoma, kisanduku kikabaki. Nikakisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Kilikuwa kinauliza: vitu vingi ulivyonakili bado nimevishika, je, unataka programu nyingine ziweze kuvitumia? Ndiyo, au Hapana. Enter ilikuwa inajibu Ndiyo.

Nikachagua Ndiyo kwa kipanya. Nikafungua programu ya barua, ukurasa mweupe, nikabandika. Namba zote zikashuka mbele yangu: mashimo, mita, gramu. Faili lilikuwa limefungwa kwa neno la siri, na yaliyomo ndani yake yamelala nje, mbele ya yeyote aliyekaa.

Nilikwenda Kahama kununua kibodi mpya. Pale Nyasubi palikuwa na duka la vifaa vya umeme na kompyuta, la baba na wanawe, na mtoto mkubwa, Nizar, ndiye aliyetuuzia disketi. Nikamweleza bila kutaja kazi yetu. Akacheka kidogo.

"Hiyo ni klipubodi, dada. Mkono wa kompyuta. Kitu cha mwisho ulichonakili bado kimo mkononi, na anayekaa baada yako akisema bandika, inampa yeye. Haijui kama mtu amebadilika."

"Na neno la siri?"

"Neno la siri linalinda kabati. Hii umeshatoa nguo ukaziweka kitandani."

"Sasa naufumbuaje huo mkono?"

"Ipe kitu kingine kishike. Neno lolote. Nakili neno moja, lile la zamani linadondoka."

Hapo, Neema, ndipo "basi" lilipoanzia.

Niliporudi kambini nilikwenda moja kwa moja stoo. Elias alikuwa anahesabu magunia. Nilimuuliza polepole kama kuna siku alibandika kitu, zikatoka namba ambazo si zake. Alikaa juu ya gunia la mchele.

"Nilitaka kurudia mstari wa maharage," akasema. "Nadhani sikuunakili vizuri. Nikabandika, zikatoka namba. Nikazifuta, dada Milembe. Nilizifuta zote."

"Lakini ulizisoma."

"Nilisoma mstari mmoja. Baba yetu alikuwa mchimbaji, hizo gramu nazijua tangu mdogo. Jumapili nikamwambia Deus. Deus peke yake. Nilitaka apate duara lake naye aoe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Niende nikamwambie meneja? Na mama yangu nitamwambia nini? Kwamba Deus nimemuua mimi?"

Sikuweza kumlazimisha. Nilikwenda kwa meneja peke yangu, nikamwonyesha kwenye mashine bila kutaja jina: nafunga faili, inauliza, najibu Ndiyo, nafungua barua, nabandika. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akavua kofia yake.

"Kwa hiyo Maganga hakusema kwa mtu."

"Hakusema."

Jioni hiyo hiyo akatoa amri kwamba kompyuta ya data isiguswe na mwingine yeyote. Makao makuu akawaandikia. Walijibu baada ya muda kwamba wanashukuru kwa maelezo ya kitaalamu, na kwamba nafasi ya Bwana Maganga tayari ina mtu. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilisema nitaiacha. Meneja akasema nikiiacha watamleta mwingine kutoka nje, Mwalimu hatarudi. Alikuwa anasema kweli.

Nikaomba ruhusa, nikaenda Nkome. Njiani nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu kuliko yote. Nilijiona nimebeba zawadi.

Nilimkuta ufukweni, anageuza dagaa juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Miwani yake ilikuwa imefungwa waya pande zote mbili sasa. Tulikaa kwenye mtumbwi mbovu uliopinduliwa, nikamsimulia yote, hata la Elias. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza hesabu za wengine, kichwa kimeinama upande. Nilipofika kwenye kisanduku akanikatiza.

"Nakikumbuka. Kila siku kiliniuliza."

"Sote kilituuliza, Mwalimu."

"Mimi nilijua Kiingereza, Milembe. Ningeweza kukisoma. Nilidhani kinauliza kama nimeshahifadhi kazi. Nikajibu ndiyo."

Nikaharakisha kumwambia kwamba jambo kubwa ni kuwa sasa inajulikana hakuiba, hakuuza, meneja mwenyewe amekiri. Hakunisikia.

"Walikuwa watatu," akasema.

"Mwalimu..."

"Nimekaa hapa tangu masika nikisema: wamenionea, lakini mikono yangu ni safi. Nilikuwa nalala kwa neno hilo. Deus namjua. Wale wawili walikuwa nani?"

Nilisita. Akauliza tena, kwa sauti ile ya darasani, nikamwambia. Mmoja alikuwa na mke Rwamgasa. Mwingine alikuwa mtoto pekee wa mama yake. Akayarudia majina yao kwa sauti ya chini ili asiyasahau. Kisha akasema Elias nimwache, asisumbuliwe na mtu. Na Mama Kulwa asijue.

"Ananiona nilidhulumiwa," akasema. "Mwache anione hivyo. Niahidi."

Nikamwahidi. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akaninunulia dagaa wa kupeleka kambini, akanishukuru kwa kuja. Nilikuwa nimemfuata mtu asiye na kazi lakini mwenye usingizi wake, nikauchukua.

Baadaye Mama Kulwa alikuja Geita sokoni, akanitafuta. Tulisalimiana, akanivuta pembeni ya vibanda vya vitenge.

"Milembe, wewe ulikuwa kama binti yake kule kazini. Niambie ukweli. Tangu ulipokuja Nkome, mume wangu kila mwezi anabeba kiroba cha dagaa anakwenda Rwamgasa. Nikimuuliza anakwenda kwa nani, ananyamaza. Ana mwanamke?"

"Hana, mama."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Kama unajua, niambie anakwenda kwa nani."

Nilimwambia siwezi. Akasema, "Sawa," akaenda zake na kapu lake. Kwa miaka mingi hatukuonana tena. Nilihama, nikafanya kazi kwingine, nikafundisha makarani wengi, na wote niliwafundisha kusoma kisanduku kabla ya kukifunga. Habari za Nkome zilinifikia kwa vipande: wanaishi nyumba moja lakini Mama Kulwa analala chumba cha watoto, hawapiki pamoja, Mwalimu anazeeka haraka.

Nilipoletewa habari ya msiba wa Mwalimu nilikwenda. Mama Kulwa alinipa mkono bila kuniangalia. Chini ya turubai, kwenye mikeka, nyuma kabisa, walikaa wanawake wawili ambao hakuna aliyewajua, mmoja mzee sana, mwingine wa makamo. Niliona jinsi Mama Kulwa alivyokuwa akimtazama yule wa makamo. Niliona na yule mzee alivyoliona jambo hilo. Akainuka kwa shida, akaja akapiga magoti mbele yake.

"Pole, mwanangu. Sisi tumetoka Rwamgasa. Mumeo alikuwa akituletea kitoweo, mimi na huyu mjane, miaka yote. Alikaa kidogo, akatuuliza hali, akaenda. Hakutuambia kwa nini. Tulidhani ni wewe unayemtuma."

Mama Kulwa akageuka kunitazama mimi. Tulikwenda nyuma ya nyumba, nikamweleza kila kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kompyuta, kisanduku, duara, ahadi. Hakulia. Alipoona nimemaliza akajifunga khanga vizuri.

"Kwa hiyo alikufa anajua namwona mzinzi," akasema, "na alikuwa anaweza kunizuia kwa maneno mawili."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikuwa unaweza."

Akarudi kwa wageni. Alikwenda kukaa pale nyuma mkekani, katikati ya wale wanawake wawili, na alikaa nao mpaka tulipokwenda kuzika.